Nyota Inayowaka Kabla ya Kumaliza Kula

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi kwa kukubali taa za uwanjani zizimwe.

Kabla ya kuingia humu ukumbini, wengi wenu mmepita kwenye ile darubini ndogo iliyosimamishwa nje. Tumeielekeza kwenye kundinyota la Jabari, chini kidogo ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari kwenye mkanda wake, mahali panapoitwa upanga. Kwa macho matupu pale pana doa lenye ukungu, basi. Ukiweka jicho kwenye darubini, doa linafunguka na kuwa kitu kama moshi wa kijivu wenye ukijani wa mbali. Ukitulia dakika mbili tatu, jicho likazoea giza, katikati ya moshi zinajitokeza nyota nne zimekaribiana kama pembe za trapeza. Kijana mmoja aliondoa jicho akaniuliza, "Ni hizo tu?" Ni hizo tu, mwanangu. Usiku huu nitazungumzia jinsi nyota nzito za namna hiyo zinavyozaliwa, kwa sababu kwa miaka mingi hesabu zilikuwa zinatuambia kwamba hazipaswi kuwepo.

Galileo alizitazama nyota hizo mwaka 1617 akachora tatu. Inayong'aa kuliko zote inaitwa Theta-1 Orionis C. Masi yake ni zaidi ya mara 30 ya Jua letu, na uso wake una joto la karibu nyuzi 40,000, wakati uso wa Jua hauzidi sana nyuzi 5,500. Moshi wote ule mliouona unawaka kwa sababu ya nyota hiyo moja zaidi ya nyingine yoyote. Mionzi yake ya urujuanimno inazivunja atomu za haidrojeni, na zinapoungana tena zinatoa nuru. Iko umbali wa takribani miaka ya nuru 1,350, kwa hiyo nuru iliyoingia machoni mwenu leo ilianza safari katika karne ya 7.

Tunaposema nyota nzito tunamaanisha nyota yenye masi ya angalau mara 8 ya Jua. Mpaka huo una sababu yake. Nyota iliyo chini ya hapo hufa taratibu, ikivua matabaka yake na kubaki kaa dogo. Iliyo juu ya hapo, kwa kawaida, huporomoka kiini chake na kulipuka. Sehemu kubwa sana ya oksijeni mnayoivuta humu ndani ilipikwa ndani ya nyota za namna hiyo na kutawanywa zilipokufa. Lakini ni chache mno. Katika kila nyota mia zinazozaliwa, hata moja kamili ya kundi hilo hupati. Nazo haziishi. Jua limepewa miaka kama bilioni 10, ila nyota yenye masi mara 40 ya Jua ina miaka milioni 5 hivi. Kwa hiyo ukitaka kuiona ikizaliwa, kwanza uibahatishe, kisha uipate kwa wakati, halafu uwe na jicho la kupenya vumbi zito inamojificha.

Kuzaliwa kwa nyota ya kawaida tunakufahamu vizuri. Wingu la gesi na vumbi lenye baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri linajikusanya, sehemu moja inazidiwa na uzito wake yenyewe, inaporomoka kuelekea katikati. Pale katikati panapata joto, gesi inayobaki inazunguka na kutandazika kama sahani, na sahani hiyo inamlisha kichanga, yaani nyota inayozaliwa. Gesi ikiisha, nyota changa inaendelea kujikaza taratibu mpaka kiini chake kifikie joto la kuunganisha viini vya atomu za haidrojeni, ndipo tanuri la nyuklia linawaka. Jua letu lilichukua makumi ya mamilioni ya miaka kufika hapo. Yaani lilimaliza kula, likapumzika, ndipo likawaka. Katika kundinyota la Ng'ombe, miaka ya nuru 450 tu kutoka hapa, kuna vichanga wengi wa aina hiyo, na tumewatazama katika kila hatua.

Nyota nzito haipati mapumziko hayo. Kadiri masi inavyokuwa kubwa ndivyo nyota inavyojikaza haraka, na badala ya makumi ya mamilioni ya miaka inatumia makumi ya maelfu tu. Gesi ya kuilisha bado inamiminika kutoka pande zote, wingu halijaisha, sahani bado imejaa, na katikati tayari tanuri la nyuklia limeshawashwa. Nyota nzito huwaka kabla haijamaliza kula. Naomba mlishike hilo, maana shida yote ya somo hili inaanzia hapo.

Kwa nini iwe shida? Kwa sababu nuru inasukuma. Huku kwetu msukumo wake ni mdogo mno hatuuhisi, lakini fikiria nyota inayotoa nuru mara laki moja ya Jua. Gesi ya haidrojeni yenyewe haijali sana nuru hiyo, inaiacha ipite. Vumbi ndilo linaloikamata. Chembe moja ya vumbi katika wingu ni kama tanga, na gesi inayolizunguka ni kama chombo kilichofungwa kwenye tanga hilo. Nuru ikipiga tanga, chombo chote kinarudi nyuma. Mwaka 1974 mtaalamu wa fizikia ya anga Franz Kahn alipiga hesabu na kuonyesha kwamba, gesi ikianguka sawasawa kutoka kila upande, nyota ikifika masi mara 40 hivi ya Jua nuru yake itakuwa imeshinda uvutano wake. Chakula kitafukuzwa mlangoni.

Na bado angani kuna nyota zilizovuka mpaka huo bila wasiwasi. Katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, kuna nyota iitwayo R136a1 yenye masi inayokaribia mara 200 ya Jua. Ukiwa na hesabu safi inayosema haiwezekani, na kitu chenyewe kinakuangalia usoni, basi umeanza hesabu yako mahali pasipofaa.

Kosa lilikuwa kwenye yale maneno "kutoka kila upande". Wingu linaloporomoka linazunguka, hata kama ni polepole sana mwanzoni, na linavyojikusanya mzunguko unaongezeka kasi mpaka gesi inalazimika kutulia kwenye sahani. Sahani ni nene na nzito. Nuru ya nyota ikiigonga kwa ukingo haipenyi, ila inapata njia nyepesi juu na chini, kwenye ncha mbili, ambako gesi ni hafifu. Inatorokea huko. Kumbe gesi ya kwenye sahani, ikiwa imejikinga kwa unene wake yenyewe, inaendelea kujongea ndani. Na karibu kabisa na nyota, vumbi likipata joto la nyuzi 1,500 hivi linageuka mvuke. Tanga limeungua, na nuru haina tena cha kushika. Mwaka 2009 Mark Krumholz na wenzake waliendesha hesabu hizo kwenye kompyuta kwa pande zote tatu. Kutoka kwenye wingu lenye masi mara 100 ya Jua zilitoka nyota mbili zinazozungukana, moja ikipita mara 40 ya Jua na nyingine ikikaribia mara 30. Mwaka uliofuata Rolf Kuiper na wenzake, kwa kuifuatilia sahani kwa ukaribu zaidi, walivuka mara 100.

Lakini kompyuta ni kompyuta. Mimi huwa siamini mpaka nione gesi ikitembea. Kwa hiyo twende kwenye kundinyota la Kifausi, umbali wa miaka ya nuru 2,300. Huko kuna wingu linaloitwa Cepheus A, na ndani yake kichanga anayeitwa HW2, mwenye masi kama mara 10 au zaidi ya Jua. Baada ya Jabari, hicho ni mojawapo ya vitalu vya karibu kabisa vya nyota nzito. Mwaka 2025 kundi la wanaastronomia likiongozwa na Alberto Sanna lilitangaza kwamba limefuatilia amonia kumzunguka kichanga huyo. Ndiyo, amonia ile ile yenye harufu kali. Molekuli zake zinatoa mawimbi ya redio yanayopenya vumbi, na mawimbi hayo yanaeleza gesi inakwenda upande gani na kwa kasi gani. Walikuta gesi inazunguka na wakati huohuo inaanguka ndani, kiasi cha sehemu mbili kwa elfu za masi ya Jua kila mwaka.

Ngoja niiweke nambari hiyo kwa namna ya kuishika. Sehemu mbili kwa elfu za Jua ni kama sayari mbili za Mshtarii kwa mwaka. Ukiigawa kwa siku, ni karibu Dunia mbili, pamoja na bahari na milima yake, zinamezwa kila siku. Na nyota inayozimeza tayari inawaka.

Sasa turudi Jabari, kwa sababu nimewaficha jambo. Zile nyota nne za trapeza zimeshazaliwa, zimefungua pazia zao. Nyuma ya moshi mliouona kuna wingu jingine zito, jeusi kabisa kwa darubini ya kawaida. Mwaka 1967 Eric Becklin na Gerry Neugebauer walilielekezea chombo cha kupima nuru ya infraredi, ile iliyo chini ya nyekundu ambayo jicho haliioni, wakakuta nukta inayowaka mahali ambapo picha zote hazikuonyesha kitu. Nukta hiyo mpaka leo inaitwa kwa majina yao, BN. Baadaye darubini za redio zikaona jirani yake, iliyopewa jina lisilo na mvuto, Chanzo I.

Hapa ndipo mimi binafsi nilipolipenda somo hili, hivyo mtaniwia radhi nikikaa kidogo. Wanaastronomia walipima mahali ilipo BN mwaka hadi mwaka na kukuta inahama, kasi ya kilomita karibu 30 kwa sekunde. Chanzo I nacho kinahama, kwa kasi ndogo zaidi, kuelekea upande wa pili. Mwaka 2017 Kevin Luhman na wenzake walilinganisha picha za darubini ya Hubble za miaka tofauti, wakakuta nyota ya tatu ikikimbia kwa kasi kubwa kuliko zote mbili. Ukizirudisha nyuma kwenye njia zao, zinakutana mahali pamoja, takribani miaka 500 iliyopita kwa jinsi tunavyoziona. Miaka mia tano! Katika mambo ya nyota hiyo ni jana asubuhi.

Kilichotokea ni kwamba nyota hizi zilikuwa zimesongamana, zote zikiendelea kukua, mpaka zikakaribiana kupita kiasi. Uvutano ukazirusha. Gesi iliyokuwa imezizunguka ikapasuka nje kwa nguvu sawa na nishati ambayo Jua hutoa kwa miaka milioni 10. Darubini ya ALMA, ile yenye antena 66 kwenye uwanda wa mita 5,000 juu ya usawa wa bahari huko Chile, ilipiga picha ya mabaki hayo. Inaonekana michirizi mirefu ya gesi ikitawanyika kutoka sehemu moja kama vidole vya mkono uliofunguliwa ghafla, mingine ikienda kwa mamia ya kilomita kwa sekunde.

Na Chanzo I, pamoja na kutupwa kwa fujo namna hiyo, bado kina sahani yake. Mwaka 2019 Adam Ginsburg na wenzake walitangaza kwamba kwenye sahani hiyo wamekuta mvuke wa chumvi. Nasema chumvi yenyewe, sodiamu na klorini, ile ya mezani. Molekuli za chumvi zimekaa karibu na nyota, pale ambapo joto limechoma vumbi, na mzunguko wake ukipimwa unaeleza katikati kuna masi kiasi gani. Jibu likawa mara 15 hivi ya Jua. Kichanga aliyefichwa na giza kabisa amepimwa uzito kwa chumvi.

Tukio hilo la Jabari linagusa mabishano ya muda mrefu. Kuna wanaosema nyota nzito inatoka kwenye donge zito la gesi lililojitenga mapema, kama Jua lilivyotoka kwenye donge dogo. Ukubwa wa donge ndio unaoamua ukubwa wa nyota. Hoja hiyo ilipewa hesabu kamili na Christopher McKee na Jonathan Tan mwaka 2002 na 2003. Wengine, wakifuata kazi ya Ian Bonnell na wenzake, wanasema mbegu zote zinaanza ndogo ndani ya kundi, na ile iliyobahatika kukaa katikati, ambako uvutano wa kundi zima unamwaga gesi, ndiyo inayonenepa kuliko ndugu zake. Kila upande una ushahidi wake. Ila tangu ALMA ianze kupekua mawingu meusi, madonge mazito yaliyotulia bila nyota ndani yamepatikana machache mno. Kinachoonekana kila mara ni nyuzi ndefu za gesi zinazomiminika kwenye makutano, na kwenye makutano ndiko vichanga wazito walipo. Mimi naegemea upande wa pili. Sikatai kwamba donge lipo, lakini naona donge lenyewe linalishwa huku likila, kama mto unaojaza bwawa ambalo tayari linatoa maji. Na nyota hizo hazikai peke yake hata zikiwa watu wazima. Utafiti wa Hugues Sana na wenzake wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya nyota zenye joto la juu kabisa zina mwenzi wa karibu kiasi cha kuja kugawana naye gesi.

Chakula hicho hakiji kwa utaratibu. Karibu na vichanga wazito, methanoli iliyo kwenye gesi inakuza mawimbi ya redio kwa namna ileile leza inavyokuza nuru. Mawimbi hayo huitwa maseri. Aina moja, ile ya masafa ya gigaherzi 6.7 ambayo Karl Menten aliitambua mwaka 1991, haijaonekana mahali pengine ila kwenye vitalu vya nyota nzito. Ukiisikia, ujue kuna kichanga mzito. Mwaka 2015 darubini ya redio ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini, iligundua maseri za wingu la NGC 6334I zikipanda ghafla. ALMA ilipotazama, ikakuta vumbi la pale limewaka kwa namna isiyoelezeka ila kwa kichanga kuongeza mwangaza wake kwa makumi ya mara. Mwaka huohuo kichanga mwingine, S255IR NIRS3, mwenye masi kama mara 20 ya Jua, naye aliwaka ghafla. Alikuwa amemeza bonge. Sahani inapozidiwa na uzito wake inakatika vipande, na kipande kimoja chenye masi ya sayari kubwa kikidondokea kwenye nyota, mlo wa miaka unaliwa kwa miezi. Kwangu mimi huo ndio uthibitisho mkubwa kwamba nuru haijafunga mlango. Nyota inawaka kwa sababu imekula, na ikishawaka inakula tena.

Kuna siku inaacha. Mionzi yake ya urujuanimno inaanza kupasua gesi ya karibu na kuipasha joto la nyuzi 10,000, kiputo cha gesi hiyo kinapanuka, sahani inamomonyoka kutoka juu, pazia linachanika. Ndipo tunapopata kitu kama Theta-1 Orionis C na moshi wake. Na majirani wadogo waliozaliwa pamoja nayo wanalipa. Hubble imeonyesha nyota nyingi changa kule Jabari, kila moja na sahani ambayo ingeweza kuunda sayari, na sahani hizo zinapeperuka kama mikia ikielekea mbali na ile nyota moja.

Mama mmoja aliniuliza nje kama zile zilizotupwa miaka 500 iliyopita zitarudi. Hazitarudi, mama. Na tunajua zinakokwenda, kwa sababu si za kwanza. Mwaka 1954 Adriaan Blaauw na William Morgan walionyesha kwamba nyota mbili, AE Aurigae upande wa kaskazini wa Jabari na Mu Columbae upande wa kusini, zinakimbiana kwa kasi ya kilomita 100 hivi kwa sekunde kila moja. Zikirudishwa nyuma zinafika Jabari, miaka milioni 2.5 iliyopita. Baadaye hesabu za njia zao zikaongeza mshiriki wa tatu, Iota Orionis. Iota nayo ni nyota mbili nzito zinazozungukana kila siku 29 kwenye njia iliyorefuka kama yai, alama ya msukosuko uliozipata siku ile. Mkitoka, iangalieni. Ni ile inayong'aa kwenye ncha ya chini ya upanga, chini kidogo tu ya doa mliloliona, wala haihitaji darubini. AE Aurigae yenyewe imeshafika kwenye wingu jingine kabisa ambalo halikuizaa, ikalikuta njiani, na sasa hivi linawaka kwa nuru yake.